Mama akivuka mpaka, kikundi chake kivuke naye



Dada yangu mukubwa alizalia Marekani, mbali na mama yetu. Hospitali ilikuwa safi, mashine zote ziko. Lakini alirudi nyumbani na karatasi za Kiingereza tu, akafunga mulango, akanipigia simu miye, kijana wa diploma asiye na kazi, aniulize mutoto ananyonya mara ngapi kwa siku. Huku Goma angeuliza wamama wa avenue nzima.

Basi kuko nchi zenye pesa, na bado mama anakosa mutu wa kuuliza.

Wengine walishaelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kule Inquisivi, milimani Bolivia, wamama walianza kukutana katika vikundi: wanataja matatizo ya mimba na uzazi, wanachagua lenye kuanza nalo, wanatafuta njia wao wenyewe. Mradi uliitwa Warmi. Nepal ikauchukua wilayani Makwanpur, na utafiti uliotoka 2004 ulionyesha vifo vya watoto wachanga vimepungua kama 30 kwa mia. India na Malawi zikafuata. Leo njia hiyo imefika London mashariki, kwa familia zenye asili ya Asia Kusini, kuzungumzia kulisha watoto wadogo. Hawakunakili tu: lugha ni yao, vyakula ni vyao, na anayeongoza kikundi ni mwanamke wa jamii yao.

Munaona? Elimu haitoki Ulaya kila siku kuja kwetu. Mama wa kijiji naye anaweza kufundisha London.

Kwa hiyo tunasema wazi. Nchi zinazopokea Wakongomani: mama wa Kikongomani anayejua Kiswahili na njia za hospitali yenu, mumupe kazi ya kuongoza wenzake, na mumulipe. Leta yetu: mama aliyekimbia vita naye ni mugeni pale alipofika. Kuzaa bure kulikozinduliwa Kinshasa mwaka 2023 kufike mpaka kambini. Na RECO wanaopita nyumba kwa nyumba, wengi bila mushahara, walipwe. Kujitolea hakulishi watoto.

Na siye vijana? Kila mutu ana dada au shangazi huko ugenini. Jioni hii mupigie. Usimuulize pesa. Muulize: uko na nani?