Waliobeba Machela Nao Walikuwa Vitani

Tangu enzi za mkoloni tumekaririshwa kwamba shujaa wa vita ni mshika bunduki, na kwamba anayefunga majeraha au kubeba machela ni msaidizi tu. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, inamwonyesha mtu wa bunduki na singe. Imani hiyo ni potofu, na wanaoiumbua ni watoa nishani wenyewe.

Msalaba wa Victoria ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani huko Uingereza. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wilbur Dartnell aliupata kwa tukio la Maktau, Kenya, Septemba 1915: akiwa amejeruhiwa, alikataa kuondolewa, akabaki na majeruhi wasioweza kuhamishwa mpaka akauawa. William Bloomfield alirudi katikati ya risasi pale Mlali, karibu na Morogoro, Agosti 1916, akambeba koplo aliyeumia. Frederick Booth alifanya hivyohivyo upande wa Songea, Februari 1917. Kilichowapandisha hadhi hakikuwa idadi ya maadui waliowaua. Ni majeruhi waliowaokoa.

Wote watatu walikuwa Wazungu, na hakuna aliyekuwa tabibu. Walichotunukiwa kwa kukifanya siku moja, Waafrika wabeba machela na madresa (wafunga majeraha) walikifanya kama kazi yao ya kila siku. Mwaka 1917 kiliundwa Uganda kikosi cha tiba cha Waafrika chini ya Meja Keane, kikiwa na vijana wa shule za misheni kama Budo. Ni nani leo anayewataja?

Watu wa Bonde la Kilombero wangepaswa kuwa wa kwanza kuikataa imani hii. Mahenge ilitekwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo tarehe 9 Oktoba 1917. Anayetoka Ifakara kwenda Mahenge leo anavuka mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli. Enzi zile hapakuwa na daraja, na majeruhi alitegemea mtumbwi na mabega ya watu. Homa nayo haikuchagua upande. Wapagazi wa jeshi la Uingereza waliokufa katika vita hivyo wanakadiriwa kufikia 95,000, wengi wao kwa maradhi: kuhara, malaria, nimonia.

Watakaobisha watasema bila bunduki Mahenge isingetekwa. Lakini mwishoni mwa 1916 maelfu ya askari wa Afrika Kusini walirudishwa kwao wakiwa hoi kwa malaria. Bunduki walikuwa nazo. Afya ndiyo iliyowatupa mkono, na jeshi lisilo na afya halitembei, sembuse kupigana.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri huko hakutoshi. Halmashauri ya Mji wa Ifakara na shule za bonde zima ziwaulize wazee ni nani katika ukoo wao alichukuliwa upagazi, majina yaandikwe, na yawekwe kando ya mto pale darajani, yakianza na ya waliobeba machela.