Je, seva yako inajua saa ya Embu?

Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho sisi waandishi wa programu hukipita bila kukitazama: saa ya seva. Hata mimi nilikipita, na nusura kijana wa watu akatwe mshahara.

Nilikuwa nimeandika programu ya mauzo kwa kituo kimoja cha mafuta hapa Embu. Zamu ya mwisho hufunga hesabu saa sita usiku na kukabidhi pesa. Sasa kila Ijumaa ripoti ilionyesha mauzo makubwa kuliko pesa zilizokabidhiwa, na mwenye kituo akaanza kumshuku mhudumu wa zamu hiyo. Jumapili pesa zilizidi, lakini nani hulalamika pesa zikizidi?

Mhudumu hakuwa ameiba hata senti. Seva tuliyokodi ng'ambo ilikuwa kwenye saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Siku yake ilikuwa inaisha wakati kwetu ni saa tisa usiku. Kila gari lililotia mafuta kati ya saa sita na saa tisa, usiku wa kuamkia Jumamosi, liliandikwa la Ijumaa. Kwenye laptopu yangu kila kitu kilienda sawa, kwa sababu yenyewe inafuata saa ya Nairobi.

Wengine watasema, badilisha saa ya seva, mambo yaishe. Mimi sikubali. Siku utakapohamia seva nyingine kosa litarudi kimyakimya. Programu isitegemee mpangilio wa mashine. Mimi sasa nafanya hivi:

1. Nahifadhi wakati kwa UTC. Kwenye PostgreSQL natumia timestamptz, si timestamp tupu.

2. Ninapokata siku kwa ajili ya ripoti, nataja eneo kwa jina: (wakati AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi')::date. Kampala na Dar es Salaam nazo zinafuata saa hiyohiyo.

3. Siongezi 3 kwa mkono. Mtu akibadilisha saa ya seva utajikuta umeongeza 6. Tena tofauti yenyewe haikuwa 3 siku zote: kuna miaka ya ukoloni ambapo Nairobi ilikuwa mbele kwa saa 2 na dakika 45. Jina la eneo linabeba historia hiyo yote.

4. Naangalia cron. Kazi iliyopangwa 0 0 * * * kwenye seva ya UTC itaamka saa tisa usiku wetu.

5. Kabla ya kumpa mteja programu, naiendesha kwa TZ=UTC kwenye laptopu, naingiza mauzo ya saa saba usiku, kisha natazama yameangukia siku gani.

Nilimwendea yule kijana nikamwomba msamaha. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amejitetea tangu mwanzo na hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa "kompyuta imesema". Kompyuta ilisema nilichoiandikia mimi.

Haya, kabla hujalala leo, ingia kwenye seva yako ya Linux uandike timedatectl. Itakuonyesha eneo la saa, na kama saa yenyewe inalinganishwa na mtandao. Kazi njema!