Kifuniko cha Bidoni Jingine



Akina mama wa Kasongo wanalijua vema jambo tutakalolisimulia juma hili, ijapokuwa wengi wao hawajashika ufunguo wa motokari hata siku moja. Mama akitaka kupeleka mafuta ya mawese sokoni, hujaza bidoni lake, kisha hutafuta kifuniko. Kumbe kifuniko kimepotea. Basi huchukua kile cha bidoni jingine. Kinaingia kidogo, halafu kinakataa. Mama mwenye busara hukitoa akatafuta kingine. Mwenye haraka hukikaza kwa nguvu zake zote, akasema, "Kimeshika," akajitwika mzigo. Anapofika sokoni nguo yake imelowa mafuta, na mdomo wa bidoni umeharibika, hata kifuniko chake cha haki hakikai tena.

Ile mistari izungukayo mdomo wa bidoni, mfano wa njia ipandayo mlima kwa kuuzunguka, ndiyo iitwayo hesi. Hesi ziko pia katika buloni na ekru zishikazo magurudumu ya motokari. Na huko hayamwagiki mafuta, bali damu ya watu.

Kiangazi kilichopita tulipanda kamioneti moja, aina ya Toyota Hiace, kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Tulikuwa watu kumi na mmoja, pamoja na magunia ya mchele na masanduku ya sabuni. Nyuma yetu aliketi mama mmoja mwenye mtoto mchanga, akienda kumwonyesha mjukuu kwa wazazi wake. Kabla ya kuondoka, gurudumu moja la nyuma lilikuwa limetobolewa na msumari. Likazibwa kwa fundi mmoja wa mjini, na kijana anayejifunza kazi kwake akalirudisha mahali pake. Sisi tulikuwa kivulini tukingoja. Tulimwona kijana huyo akichomeka bomba refu la chuma kwenye ufunguo, akapanda juu yake kwa miguu miwili, akarukaruka. Tulicheka, tukasema, "Huyu hana uvivu." Leo twaona haya kwa kicheko kile.

Njia ya Kabambare ni njia ya kale. Misafara ya pembe iliyotoka Ujiji ilipita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Hata Livingstone, yule msafiri Mskoti, alikwama Kabambare mwaka 1870, mahali alipopaita Bambarre katika maandiko yake. Vidonda vya miguu vilimfungia kibandani siku 80, tangu tarehe 22 Julai hata tarehe 10 Oktoba. Nia ya kwenda mbele ilikuwepo. Lakini miguu ilikataa, na safari ikasimama. Siku hizi miguu yetu ni magurudumu, na sheria haikubadilika.

Tulipokwisha kwenda kama saa moja na nusu, tulisikia sauti nyuma: ko, ko, ko. Dereva hakuijali. Yule mama akanena, "Papa shofere, hiyo ngoma inapigwa na nani?"

"Ni mawe ya njia, mama."

Mama akanyamaza kidogo, akisikiliza. Kisha akasema tena, "Papa, mawe hayafuati mwendo. Wewe ukikimbia yanapiga mbio, ukienda pole yanapiga pole. Tafadhali simamisha, mtoto wangu amelala huku."

Wanaume wengine waliguna, maana jua lilikuwa limekwisha kupanda. Lakini dereva alisimama, na hilo ni la kumsifu. Tukashuka, tukatazama. Vijiti vya chuma vishikavyo gurudumu lile vilikuwa sita. Viwili vilikuwa vimekatika na kuanguka pamoja na ekru zake. Ekru mbili nyingine zilizunguka kwa vidole tu. Mbili za mwisho zilikuwa ngumu kama mwamba, nazo ndizo zile zilizorukiwa kwa bomba. Matundu ya gurudumu, yaliyokuwa ya duara, yalikuwa yamelika, yakawa marefu kama yai. Tungalienda mbele kidogo tu, gurudumu lingalitoka.

Tulilala njiani. Msaidizi wa dereva alirudi Kasongo kwa pikipiki, na kesho yake fundi mwenyewe akaja na vyombo vyake, tena alimleta yule kijana. Alifanya kazi kwa utulivu, akatuita tutazame. Tunawaandikia hapa yale aliyotufundisha.

Aliweka ekru mbili katika kiganja chake. Kwa macho zilikuwa pacha. "Moja ni ya Toyota," akasema, "na moja imetoka katika kopo la vyuma vya zamani. Ni ya Nissan." Zote mbili hukaa kwenye kijiti chenye unene wa milimita 12. Lakini hatua ya hesi, yaani nafasi toka mstari mmoja hata wa pili, si moja. Ya Toyota hiyo ni milimita 1.5. Motokari nyingi za Nissan zina milimita 1.25. Tofauti ni robo ya milimita, na jicho haliioni. Walakini mzunguko wa kwanza ukipita, robo moja imekosekana; ikipita minne, ni milimita nzima. Hapo chuma hakina pa kwenda. Ukiongeza nguvu, hesi moja huila nyingine.

Ndiyo maana ekru zile mbili zilikuwa ngumu bila kufanya kazi. Zilishika hesi, wala hazikushika gurudumu. Maana, ndugu wasomaji, wengi wetu twadhani kwamba gurudumu limening'inia juu ya vijiti kama koti kwenye msumari. Sivyo. Ekru hulisukuma gurudumu likabanwa sana juu ya kitovu chake, na kubanwa huko ndiko kulishikako. Likilegea hata kidogo, huanza kucheza. Likicheza, vijiti hupindwa huku na huku kila mzunguko, mpaka vinakatika. Tena kijana hakupangusa tope lililokauka kati ya gurudumu na kitovu. Tope lile lilipopondwa njiani, palibaki nafasi, na ekru njema nazo zikalegea.

Na lile bomba? Tulipiga hesabu pamoja. Kwa vijiti vya milimita 12, nguvu inayotakiwa ni kama ile ya mtu avutaye kwa uzito wa kilo 25 mwishoni mwa ufunguo wa sentimita 40. Mtu wa kilo 80 akisimama mwishoni mwa bomba la mita moja, anatia nguvu karibu mara nane ya hiyo. Akirukaruka, inazidi. Chuma kilichovutwa hivyo kimekwisha kujeruhiwa ndani, ingawa nje kinang'aa.

Kamioneti nyingine, kama nyingi za Volkswagen na Mercedes-Benz, hazina vijiti. Zina buloni ambazo huingia moja kwa moja ndani ya kitovu. Hapo hatari ni kubwa zaidi, kwani hesi zikiharibika, ni za kitovu chenyewe. Tena buloni hupimwa kwa mambo manne: unene, hatua ya hesi, urefu, na umbo la kikalio chake. Kikalio cha nyingine ni kama mpira, cha nyingine ni kama pembe ya kumiminia mafuta. Ukiweka cha mpira katika tundu la pembe, vitagusana kwa mstari mwembamba tu, na punde vitalegea. Buloni iliyo fupi hushika hesi chache na kuzing'oa. Iliyo ndefu mno huweza kugonga vyombo vya breki nyuma ya kitovu. Huku mkono unaona imekaza, kumbe gurudumu halikubanwa. Kwa hiyo mtu akibadili magurudumu ya chuma akatia ya aluminiumu, asirudishe buloni za zamani bila kuuliza.

Basi tushike kanuni hizi, nazo hazihitaji fedha. Kwanza, pangusa kitovu, gurudumu na hesi kwa burashi ya waya. Usipake mafuta wala grisi, kwani utelezi humdanganya mkazaji akapita kipimo. Pili, anza kwa vidole. Ekru au buloni ya haki huzunguka kwa vidole bila ugomvi. Ikikataa, itoe, itazame, ujaribu tena ikiwa imenyooka. Ikikataa mara ya pili, si yake. Kwa unene wa milimita 12 na hatua ya 1.5, hesabu mizunguko saba au minane. Ikikaza kabla ya hapo, kuna neno. Tatu, usizikaze kwa kufuatana kama watu waliopanga mstari, bali kwa kuvuka: moja ya juu, kisha ya upande wa pili, mpaka zote. Nne, baada ya kilometa 50 simama uzikaze tena. Abiria asinung'unike, dakika tano hizo ni zake.

Na ikiwa hesi zimekwisha kuharibika? Kijiti kilichoharibika hung'olewa kwa nyundo na kingine hutiwa; si kazi ngumu kwa fundi. Kikikatika kimoja, vya jirani vibadilishwe pia, maana vilibeba mzigo wake. Gurudumu likiwa limecheza kama letu, vibadilishwe vyote, na gurudumu lenye matundu ya yai liwekwe kando. Hesi za kitovu zilizochubuka kidogo husafishwa kwa chombo cha kuchongea hesi, kiitwacho taro. Zikiwa zimeng'oka, kitovu hubadilishwa, au fundi mwenye vyombo kamili hutoboa na kutia hesi mpya za chuma ndani yake. Lakini kuzungushia kitambaa, kutia waya au kipande cha kopo, au kuichoma ekru kwa moto ishikamane na kijiti, hayo ni kuwadanganya wanaopanda. Ukaushaji huo hauonekani mpaka siku ya kilio.

Twajua ugumu wa mahali petu. Ekru sita za haki huenda hazipatikani Kasongo, seuze Kabambare. Hungojwa kutoka Kindu, Bukavu au Kalemie. Kungoja siku tatu ni hasara kwa mwenye mchele na mwenye samaki. Kwa sababu hiyo mwenye kamioneti atengeneze mfuko mdogo: ekru sita au buloni tano za motokari yake mwenyewe, vijiti viwili au vitatu, na burashi ya waya. Autie chini ya kiti, wala asiuazime mtu. Mfuko huo ni mwepesi kuliko bidoni la mafuta.

Sasa tumrudie yule kijana. Fundi alipokwisha kazi, alimwuliza mbele yetu, "Ulipokaza, hukuona inakataa?" Kijana akatazama chini, akajibu, "Niliona, baba. Ekru mbili ziliniangukia mchangani, sikuziona tena. Niliogopa utanikemea na kunikata posho. Nikatafuta katika kopo."

Palikuwa kimya. Sisi tulidhani fundi atampiga. Hakumpiga. Alisema polepole, "Basi kosa ni letu sote wawili. Wewe ulificha, na mimi nimekufanya uogope kusema." Kisha akampa ufunguo, akamwambia afunge gurudumu la akiba mwenyewe, kwa vidole kwanza, huku akihesabu kwa sauti. Tuliihesabu pamoja naye mizunguko ile, na yule mama naye alihesabu.

Akina baba na akina mama, jambo hili halikai gereji tu. Mtoto anayepigwa kwa kila chungu kinachovunjika hataacha kuvunja vyungu. Atajifunza kuvificha vigae. Mke anayeogopa kumwambia mumewe kwamba fedha ya dawa imepungua, mtumishi anayeogopa kumwambia tajiri kwamba hesabu haikubali, wote hutafuta katika kopo. Nao hukaza kwa bomba, na kwa macho yetu mambo yanaonekana yamekaza. Tumfanye mwanafunzi aweze kusema, "Baba, imekataa," wala asilipe neno hilo kwa machozi. Ekru mbili zilizopotea ni bei ndogo.

Tulifika Kabambare jioni ya siku ya pili. Babu alikuwa amesimama njiani tangu jana yake, akapokea mjukuu mikononi. Alituuliza mbona tumechelewa. Dereva akajibu, "Tulikuwa tunamsikiliza binti yako."

Hata juma lijalo, kwaherini.