Kipande Kilichobaki Hatukiuzi

Hapa Tengeru tulikata migomba, tukauza kipande cha kihamba ili tulipe ada; fedha ikaisha kabla ya muhula wa pili. Dalali amerudi, tumemkatalia. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki, na 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa kudai ardhi ile. Sisi tunaiuza kwa hiari!

Robo eka iliyobaki ina migomba, kahawa kivulini, maharage na magimbi katikati. Ng'ombe wa zizini anakula majani ya migomba, samadi inarudi shinani. Mbolea ya dukani tumeipunguza. Ada bado inatubana, hatufichi. Lakini Laudato Si' ya 2015 isiishie darasani: waseminari, mkienda likizo, shikeni jembe nyumbani.