Krisi Timau: Kabla Umrushie Simba Hilo Ini, Cheki Hapa Kwanza

Kila Disemba ile orodha hurudi kwa simu zetu: usimpe mbwa bata mzinga mwenye mafuta, usimpe chokoleti, usimpe keki ya zabibu kavu. Sawa, yote ni kweli. Lakini wasee, ni nani huku Timau anakula bata mzinga Krisi? Sisi tunachinja kondoo. Hiyo orodha iliandikwa na watu ambao mbwa wao analala kwa kochi, na ndio maana haisemi lolote kuhusu kitu kibaya zaidi ambacho dogi wetu hupewa siku ya sherehe: ini na mapafu mabichi, yaliyorushwa tu hapo nyuma ya nyumba.

Mnajua vile huendaga. Mayut wamefika ocha, matatu za Nanyuki zimejaa hadi mlangoni, kondoo ameangushwa asubuhi kabla jua lipande. Mtu anapasua tumbo, anashika ini, anaona malengelenge meupe yamejaa maji. "Hii si poa," anasema, anakata hicho kipande na kumrushia Simba. Kila mtu anaridhika. Nyama mbaya imetoka kwa sufuria ya watu, na mbwa pia amekula Krisi.

Noma inaanzia hapo. Malengelenge hayo mara nyingi ni makao ya mnyoo unaoitwa Echinococcus. Ndani ya kondoo bado ni mchanga. Unahitaji utumbo wa mbwa ndio ukomae. Simba mwenyewe hataugua. Ataendelea kubweka na kufukuza boda boda kama kawaida, lakini baada ya wiki sita au saba hivi mayai yanaanza kutoka na kinyesi chake. Yanabaki kwa nyasi, kwa sukuma wiki ya shamba, hata kwa manyoya yake. Kondoo anakula hiyo nyasi, na mzunguko unaanza upya. Mtoto naye anamkumbatia dogi, kisha anaweka vidole mdomoni. Ndani ya mwili wa mtu, yai hugeuka lengelenge kwa ini au kwa mapafu na kukua polepole, hata miaka mingi, kabla mwenyewe ahisi kitu. Likishakuwa kubwa ni dawa ya miezi au ni kisu cha daktari wa upasuaji.

Kenya haijaanza kuusikia ugonjwa huu jana. Turkana iliwahi kuhesabiwa kati ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na miaka ya 80 AMREF walikuwa huko wakipima watu, wakifanya upasuaji na kuhangaika na mbwa. Timau si Turkana, tusitishane. Lakini huyu mnyoo hataki mengi: kondoo, mbwa, na watu wanaochinja nyumbani. Sasa angalia boma lako, hesabu.

Nyama ya buchari ina muhuri kwa sababu kuna mkaguzi aliyeangalia hilo ini, na likiwa na malengelenge linakataliwa. Kondoo wa nyuma ya nyumba hana mkaguzi. Na Krisi ndio wakati uchinjaji huhama kutoka kichinjio hadi kwa maboma, kwa hivyo kazi inaongezeka pale ambapo hakuna mtu wa kaunti anayeangalia. Kwa maoni yangu, ofisa mmoja wa mifugo akisimama soko la Timau wiki ya kabla ya sherehe, na picha ya ini bovu mkononi, angesaidia kuliko mabango kumi kwa ofisi.

Ofisa asipokuja, jembe liko. Ini au mapafu yenye malengelenge yachomwe yaishe, au yafukiwe kwa shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua. Na mbwa wa jirani pia, maana siku hiyo wote wanajua kwenye damu inanukia. Matumbo mazuri yachemshwe vizuri, nusu saa si hasara. Kisha ukiwa agrovet uliza dawa ya minyoo yenye prazikwanteli. Usichukue tu ile ya bei rahisi. Soma pakiti, kwa sababu si kila dawa ya minyoo ya mbwa inamgusa huyu.

Mezani kuna stori zingine. Mfupa uliopikwa hupasuka kama kioo na unaweza kutoboa utumbo. Wa kuku ndio mbaya kabisa. Vitunguu, hata vikiwa ndani ya supu au mukimo, huharibu damu ya mbwa, kwa hivyo kumwagia Popi mabaki ya karai si zawadi. Viazi tunavyo kwa magunia, na kilichoiva bila chumvi hakina shida, lakini kile cha kijani au chenye machipukizi kaa nacho mbali. Halafu kuna makadamia. Ukishuka huko Imenti zinamea kila mahali, watoto wanapasua kwa mawe na kumgawia dogi. Miguu ya nyuma inalegea, anatapika, anatetemeka. Wengi hupona kwa siku moja au mbili, lakini hiyo siku utaamini amerogwa.

Ukitaka naye afurahie, chemsha nyama isiyo na mfupa, bila chumvi wala kitunguu, uchanganye na ugali. Kidogo. Mbwa aliyezoea ugali mwaka mzima akipewa mafuta ya kondoo ghafla anaweza kuumwa vibaya na tumbo. Ukiona anatapika tena na tena, tumbo limevimba, au fizi zimekuwa nyeupe, usingoje kesho. Na namba ya daktari wa mifugo itafute tarehe 23, juu tarehe 25 hata yeye atakuwa kwao akigeuza nyama.