Nyimbo za Zamani Hazikuwa Safi

Kila Jumapili, vipindi vya zilipendwa vikifunguliwa redioni, simu zinaanza kuingia na wapigaji karibu wote wanasema neno moja. Nyimbo za zamani zilikuwa na mafunzo. Mtu aliweza kukaa sebuleni na wakwe zake akasikiliza bila kuona haya. Za siku hizi ni matusi matupu. Mtangazaji anaitikia, fundi mitambo anamweka Mbaraka Mwinshehe, na sote tunarudi kwenye shughuli zetu tukiamini kwamba wazee wetu walikuwa wahubiri wenye magitaa.

Si kweli, na naandika nikijua nitawaudhi watu ninaowaheshimu. Nyimbo zile hazikuwa safi. Sisi ndio tulikuwa watoto. Tulizisikia tukiwa tumekaa mkekani, redio ikiwa juu ya kabati mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, tukashika sauti, gitaa na kiitikio. Yaliyokuwa yakisemwa yalitupita. Miaka imekwenda, tumeoa, tumeachika, tumezika, tumedaiwa kodi ya nyumba, na mtu akitulia sasa akausikiliza wimbo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, anashtuka. Lakini wengi hatutulii. Tunakumbuka jinsi tulivyokuwa, halafu usafi wa utoto wetu tunausingizia wimbo.

Tuanze na ule unaojulikana kuliko zote. Malaika ulirekodiwa na Fadhili William jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watanzania wengi wanashikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim, na mzozo huo haujaisha hadi leo. Miriam Makeba aliupandisha kwenye majukwaa makubwa ya dunia, akaurekodi pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965. Boney M. nao wakautoa mwaka 1981. Huko kote umepokewa kama wimbo mtamu wa mapenzi, na sisi wenye lugha yetu tumeufanya wimbo wa harusi.

Anayeimba ni kijana aliyeshindwa kuoa. Msichana yupo, mapenzi yapo, kilichokosekana ni mali. Wimbo unaanza hajaoa na unakwisha hajaoa. Hakuna ubeti hata mmoja unaomfikisha kwenye ndoa.

Sasa tazameni tunauimba wapi. Kamati imekaa vikao kwa miezi, ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina mwenye daftari la ahadi. Waliochelewa wameshatumiwa ujumbe wa kukumbushwa, kwa upole kwanza, kisha kwa ukali kidogo. Aliyefikisha kiwango amepata kadi ya mtu mmoja, aliyezidisha amepata ya wawili, na ambaye hakutoa hana kadi wala hana haja ya kufika, maana mlangoni wapo vijana wanaokagua. Ndani ya ukumbi maharusi wamekwishakata keki. MC anaomba muziki wa taratibu, bendi inaingia na Malaika, na wageni wote wanainua simu kurekodi. Kijana wa kwenye wimbo huo asingevuka mlango wa ukumbi ule.

Katika harusi moja ya namna hiyo mzee mmoja aliyekaa meza yetu aliweka kijiko chini, akasikiliza mpaka ubeti wa pili, akanigeukia. “Mwanangu, huyu si alinyimwa mke kwa umaskini wake? Mbona mnamchezea?” Nikamjibu, “Ndiyo, mzee, ndiye huyo huyo.” Akatikisa kichwa, akarudi kwenye pilau yake. Ukumbi mzima, labda yeye peke yake ndiye aliyekuwa anausikia wimbo.

Mtu atasema Malaika ni wa huzuni tu, hauna uchafu. Sawa. Twende Unguja basi, maana huko ndiko wapenda staha wanakokimbilia wakibanwa. Taarabu ya zamani, wanasema, ilikuwa ya heshima, si kama rusha roho ya siku hizi.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akaanza maisha kwa kuuza vyungu, akaja mjini kutafuta riziki kwa sauti yake, na mwaka 1928 akasafiri Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Bila shaka ni mama wa taarabu ya Kiswahili. Na moja ya nyimbo zake zilizodumu zaidi ni Kijiti. Bi Kidude aliuimba hadi uzeeni, na vizazi vimekata viuno kwa wimbo huo kwenye harusi na sherehe bila kujiuliza Kijiti ni nani.

Kijiti ni muuaji. Mwanamke alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, akatolewa usiku kwenda kwenye ngoma pamoja na wenzake, na hakurudi akiwa hai. Kijiti akatoroka akavukia bara. Walioangukiwa na mkono wa mahakama ni wanawake waliokuwa na marehemu usiku ule. Siti akayachukua yote hayo, marehemu, muuaji, waliofungwa na aliyewafunga, akayaweka kwenye wimbo uliopigwa kwa udi na fidla, na mji ukauimba. Wakati huo Unguja ilikuwa na mahakimu wa Kiingereza, na mwanamke maskini wa ng'ambo ya mji hakuwa na gazeti wala wakili. Alikuwa na Siti.

Huo ndio wimbo tunaoambiwa wa staha. Una ubakaji ndani yake, una pombe, una damu, una hukumu iliyopindishwa. Mtu akiupiga leo kwa jina jipya na mdundo wa Singeli, kuna baba atazima redio kwa sababu ya watoto. Na sijagusa Muhogo wa Jang'ombe, ambao watu wazima wa Unguja hawajawahi kuhitaji kuambiwa kwamba hapo hakizungumzwi chakula. Sijagusa nyimbo za unyago pia, alizokuwa akizifundisha Bi Kidude, zinazomweleza mwari mambo ya chumbani bila kumung'unya maneno. Zote ni za zamani.

Halafu kuna Lunch Time wa Gabriel Omolo, uliovuma kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni wimbo wa kuchezeka. Kwetu ulipigwa sana, na sisi watoto tulidhani unasifia chakula, kwa sababu tuliyasikia majina ya vyakula na gitaa lilikuwa na furaha. Ni wimbo wa njaa. Unawatazama wafanyakazi wa mjini wakati wa mapumziko ya mchana: wapo wanaokwenda kula, wapo wanaojipoza na kidogo walichonacho, na wapo wanaojilaza kwenye nyasi za bustani wakingoja saa ya kurudi kazini ifike, kwa sababu hawana kitu.

Wimbo huo niliuelewa nilipoanza kazi mjini. Ofisini kwetu kulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu nadhifu, shati limepigwa pasi kila siku. Ikifika saa saba mchana sisi tukielekea kwa mama ntilie, yeye alikuwa na jibu moja: “Nendeni tu jamani, mimi mchana huwa sili.” Tulilikubali jibu lake kama mtu anavyokubali tabia ya mwenzake. Halafu siku ya mshahara akala. Alikula wali na maharage na samaki, akaongeza sahani, akala taratibu bila kuzungumza, akamaliza hadi mchuzi. Baada ya wiki moja hivi akarudi kuwa mtu asiyekula mchana. Jioni fulani redio ikaupiga Lunch Time ndani ya daladala, abiria wakawa wanatikisa vichwa, na mimi nikawa namwona mwenzangu katika kila ubeti. Omolo alikuwa amekwishamsema kabla mimi sijajua kusoma.

Kinachonikera katika hadithi ya usafi ni kwamba inamwibia mtunzi kazi yake. Mtu alitazama bustani ya mjini saa saba mchana akaona walala njaa waliovaa mashati meupe, jambo ambalo viongozi na waajiri hawakutaka kuliona, akalitungia wimbo mtamu kiasi kwamba hata waliosemwa waliucheza. Leo tunamsifu kwa “burudani safi isiyo na matusi”. Hizo si sifa za kumpa mtunzi wa aina hiyo.

Najua hoja inayofuata. Hata kama yalisemwa mazito, yalisemwa kwa fumbo, na fumbo ndilo adabu yenyewe. Fumbo nalipenda kuliko wengi, lakini tusidanganyane juu ya lilikotoka. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliyotaka kusikika ilirekodi kwenye studio zake, na mashairi yalikaguliwa kwanza. Bendi nyingi zilikuwa mali ya jumuiya, mashirika na taasisi za umma: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ikaja kuwa ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mke, watoto na nyumba ya kupanga. Alipotaka kusema juu ya bosi mwonevu alimsema kupitia mume mkorofi, na alipotaka kusema juu ya kitanda alikwenda kupitia bustani. Mafumbo mengi ni alama za woga na ujanja wa kuukwepa woga huo. Kuyaita adabu ni kumpongeza mfungwa kwa kutembea taratibu huku minyororo iko miguuni.

Na aliyekataa fumbo zamani aliadhibiwa zamani hiyo hiyo. Remmy Ongala leo anatajwa kama mwalimu wa jamii, msemaji wa wanyonge, mfano wa kuigwa na vijana. Mwaka 1990 hivi, UKIMWI ukiwa unamaliza watu, alitunga Mambo kwa Soksi, akawaambia wanaume watumie kondomu. Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Ukasambaa kwa kanda na kumbini. Wapo watu wengi hai leo ambao waliusikia ujumbe huo wakati hakuna mtu mzima mwingine aliyethubutu kuutamka mbele yao. Waliouzuia walitumia neno lile lile tunalolisikia kwenye simu za Jumapili: maadili.

Kwa hiyo hadithi hii ya usafi si kumbukumbu tu ya wazee wanaojifurahisha. Ina kazi, na kazi yake inafanyika sasa. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake Wapo, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likaufungia, kisha ukafunguliwa kwa kauli ya Rais Magufuli mwenyewe. Novemba 2018 ulifungiwa Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Nyimbo hizi mbili hazifanani hata kidogo: mmoja uliwasema wakubwa, mwingine ulicheza na mambo ya mwilini. Ila kila mara msanii anaposimamishwa, mtu anasimama na kusema igeni wazee wenu. Wazee gani? Siti aliyemtaja muuaji na kuisema mahakama? Omolo? Remmy aliyenyimwa redio? Kijana akiwaiga kweli wazee hao, nyimbo zake zitafungiwa.

Sisemi kila kinachotoka leo ni kizuri. Kuna nyimbo nyingi mbovu, zimeandikwa kwa haraka, hazina mtu ndani yake wala tukio, ni majina ya pombe na magari yaliyopangwa kufuata mdundo. Lakini ubovu huo ni wa uandishi, na uandishi mbovu ulikuwepo hata wakati wa santuri. Bendi zilitunga nyimbo za kusifu kila kilichotakiwa kusifiwa, na nyingi hakuna anayepiga simu kuziomba. Muda umezichuja. Tunachukua zile chache bora zilizobaki, tunazilinganisha na kila takataka ya wiki hii, halafu tunatoa hukumu.

Ninalodai ni dogo na linawezekana. Vipindi vya zilipendwa viache kutuliwaza. Maktaba ya TBC ina mikanda ya Radio Tanzania ya miongo mingi, wapo wanamuziki wa zamani wanaoishi Dar es Salaam, Tanga na Morogoro ambao wanajua wimbo gani ulitungwa juu ya nani na ubeti gani uliamriwa uondolewe, na wanazidi kupungua. Watangazaji wawaite studio. Wawaulize mambo anayouliza mtu mzima, siyo gitaa lilinunuliwa wapi. Jumapili ijayo mmoja wao aupige Kijiti, na kabla ya kuupiga awaambie wasikilizaji nani aliuawa, nani alitoroka, na nani alifungwa. Hata kama wakwe wapo sebuleni.