Hata wa mzunguko anaona magoli yote, bando la Delta je?

Mwenye tiketi ya VIP A pale Benjamin Mkapa anakaa kwa raha zake, getini hasukumani na mtu. Wa mzunguko amebanana na wenzake, ngoma iko sikioni. Lakini filimbi ikishapulizwa wote wanaangalia mechi moja. Penalti ni ile ile, kadi nyekundu ni ile ile, na bao likiingia hakuna mlinzi anayekuja kumziba macho wa mzunguko eti kwa sababu alilipa kidogo.

Kwenye simu mambo hayako hivyo. Anayenunua bando kubwa anafungua anachotaka. Mwenye jero yake anauziwa kifurushi cha mitandao ya kijamii: WhatsApp, Facebook, Instagram, basi. Akitumiwa linki ya habari ndani ya WhatsApp akaibonyeza, ametoka nje ya mipaka ya bando. Ama ukurasa haufunguki, ama salio lake linaliwa.

Duniani hii ni vita ya miaka mingi, wanaiita vita ya usawa wa intaneti. Swali lake ni dogo tu: kampuni ya simu ipitishe kila kitu kwa masharti sawa, au iruhusiwe kuchagua kipi kiwe rahisi, kipi kiwe ghali na kipi kiende kwa kusuasua? Marekani waliweka kanuni za usawa mwaka 2015, wakazifuta 2017, wakazirudisha 2024, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupa. India wao walimaliza mapema. Februari 2016 mamlaka yao ya mawasiliano ilipiga marufuku kutoza bei tofauti za data kwa kuangalia mtu anafungua nini.

Sisi tuliingia kwenye mchezo huu bila kelele. Mwaka 2014 Tigo, ambayo leo ni Yas, ilileta Facebook ya bure kwa Kiswahili, na kabla mwaka haujaisha ikaleta huduma ya Internet.org. Watu walifurahi, na walikuwa na kila sababu. Baada ya hapo bando la mitandao ya kijamii likazoeleka, mpaka wapo wanaodhani WhatsApp na Facebook ndiyo intaneti yenyewe.

Anayeumia zaidi na mpango huu hayuko Sinza wala Masaki. Toka Kibiti mjini, shuka mpaka Nyamisati, halafu panda boti uingie kwenye mikoko ya Delta ya Rufiji, uelekee Kiongoroni, Maparoni au Msala. Huko safari inapangwa kwa maji kujaa na kupwa. Gazeti hili likifika huko, habari zake zimeshachacha. Televisheni inataka king'amuzi, malipo ya mwezi na umeme. Kwa hiyo simu ndiyo gazeti, ndiyo redio na ndiyo ofisi. Mtu asiye na njia nyingine ya kupata habari ndiye huyo huyo tunayempa intaneti nusu.

Kama unaona hili ni jambo la mafundi wa kompyuta, rudi kwenye dabi ya Kariakoo ya Machi 8, 2025. Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Yanga wakaja juu. Mechi ilikuja kuchezwa Juni 25 na Yanga wakashinda 2-0, lakini kwa zaidi ya miezi mitatu nchi nzima ilikuwa inabishana kitu kimoja: kanuni inasemaje?

Kanuni za ligi zimeandikwa, zina kurasa na vifungu. Mwenye bando kamili aliweza kuzitafuta, kusoma kifungu chote na kupima mwenyewe nani ana hoja. Mwenye bando la WhatsApp alipata nini? Picha ya nusu ukurasa iliyokatwa na shabiki wa Yanga, na nusu nyingine iliyokatwa na shabiki wa Simba. Sauti za wachambuzi wa kijiweni alizipata tele, ila chanzo chenyewe kilikuwa nje ya bando lake. Halafu tunamlaumu kwamba anasambaza uzushi!

Na si mashabiki tu. Kocha wa timu ya kijiji anayetaka kusoma sheria 17 za soka kama zinavyobadilishwa na IFAB hawezi kuzipata ndani ya Facebook. Mwamuzi chipukizi wa ligi ya wilaya ni hivyo hivyo. Kijana mwenye kipaji anaweza kutumiwa tangazo la majaribio kwenye grupu, lakini fomu ikiwa kwenye tovuti, kwake majaribio yameishia hapo.

Tutoke uwanjani kidogo. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani kupitia Mafia. Kwa mvuvi wa kamba wa Delta, taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ni uhai. Anastahili kuisoma kwenye tovuti ya TMA yenyewe, siyo kuisikia kwa mtu aliyeambiwa na mtu.

Wanaotetea vifurushi hivi wana hoja, na tusijifanye hatuisikii. Wanasema bora nusu mkate kuliko kulala njaa. Bando hilo ndilo linalomuunganisha mama wa Mbwera na mwanaye aliyeko Dar es Salaam, na ndilo linalomwezesha muuza kaa kuulizia bei kabla hajapakia mzigo. Ukilifuta kesho, hao ndio watakaokuwa wa kwanza kulia. Tuliyaona Aprili 2, 2021. Utaratibu mpya wa vifurushi ulioletwa kwa nia ya kuwalinda wateja ulianza kutumika, bei zikapaa, wananchi wakapiga kelele na Serikali ikausitisha haraka.

Kwa hiyo hatusemi lifutwe. Tunasema lifunguliwe. Jero ile ile imnunulie mtu MB anazozitumia popote anapotaka, hata zikiwa chache. Kampuni iuze kwa wingi wa data, kwa muda na hata kwa kasi. Hiyo ndiyo VIP na mzunguko, hatuna ugomvi nayo. Isiuze kwa kumchagulia mteja cha kutazama.

Wala tusichanganye mambo. Azam Media wakilipisha mechi za Ligi Kuu ni haki yao. Mwaka 2021 walisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa Sh225.6 bilioni, kwa hiyo wanauza mali waliyoinunua. Kampuni ya simu inauza barabara. Mwenye barabara anatoza kwa uzito wa mzigo, hamuulizi dereva anakwenda kwa mjomba au kwa shangazi.

Tena barabara yenyewe ina jasho la umma. Mei 2023, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na Serikali ikatoa ruzuku. Mnara uliojengwa kwa kodi ya wote hauwezi kumpitisha mwanakijiji kwenye mitandao mitatu tu halafu tukaita hayo ni mawasiliano kwa wote.

TCRA ndiyo inayosimamia vifurushi, na mpira uko miguuni kwake. Iandike kwenye masharti yake kwamba kila kampuni inayouza bando la mitandao ya kijamii iuze pia, kwa bei hiyo hiyo, bando dogo lililo wazi. Mteja achague mwenyewe. TFF na Bodi ya Ligi nao wana kazi: kanuni, ratiba na fomu ziwekwe kwenye kurasa nyepesi ambazo hazimalizi MB za mtu kabla hajafika kifungu cha pili.

AFCON ya 2027 tunaiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na viwanja vinajengwa. Lakini kabla ya hapo Bodi itatoa kanuni za msimu mpya. Siku hiyo kijana wa Maparoni mwenye jero mfukoni aweze kuzifungua na kuzisoma mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho.